Fiesta za Ufilipino na siku za mashujaa wa miji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: wanaofanya kazi na Wafilipino kule Muscat, Doha au Dubai, waliooa au kuolewa na Wafilipino, na wanaopanga safari. Tumeanza na ya msingi, yale yenye utata yako mwishoni. Jambo likishaelezwa sehemu moja halirudiwi, utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya msingi

Fiesta ni nini hasa?

Ni sikukuu ya somo wa mji, yaani mtakatifu anayeuombea mji. Anayejua sikukuu ya somo wa parokia, ile Misa ndefu yenye kwaya tatu na pilau baadaye, ameshaelewa nusu. Nusu nyingine ni kwamba kule sikukuu ni ya mji mzima, pamoja na asiyekanyaga kanisani mwaka mzima. Kwa Kitagalog huiita pista.

Kila mji una fiesta yake, na ndani ya mji kila barangay, yaani ngazi ya chini kabisa ya utawala, kama mtaa au kijiji, ina ya kwake. Barangay ziko zaidi ya 42,000, kwa hiyo ni vigumu kupata siku ambayo hakuna fiesta mahali fulani nchini. Mei ndiyo iliyojaa kuliko miezi yote: mvua kubwa hazijaanza na mavuno yako ndani.

Siku yenyewe huanza kabla hakujapambazuka vizuri. Bendi ya matarumbeta huzunguka mitaani kuamsha watu, watake wasitake. Juu ya barabara zimetundikwa kamba za vibendera vya rangi, wanavyoviita banderitas. Neno hilo ni ndugu wa “bendera” yetu: wao walilipata kwa Wahispania, sisi kwa Wareno. Kisha Misa, maandamano ya sanamu ya mtakatifu, michezo ya watoto kama kupanda mwanzi uliopakwa mafuta, na kula mpaka usiku.

Zilianzaje?

Wahispania walipoanza kuitawala nchi mwaka 1565 walikuta watu wametawanyika kandokando ya mito na pwani. Mapadre walitaka kuwakusanya wakae karibu na kanisa, mahali ambapo kengele inasikika. Watu hawakuwa na hamu ya kuhama. Maandamano, muziki na chakula vya siku ya somo vikawa chambo cha kuwavuta mjini, angalau kwa siku chache.

Lakini wenyeji nao walikuwa na karamu zao za mavuno, ngoma zao na tambiko zao, na hawakuziacha mlangoni mwa kanisa. Ndiyo maana fiesta nyingi, ukizitazama kwa makini, zina tabaka mbili: mtakatifu aliyeletwa na meli juu, na chini yake mchele, maji na uzazi.

Fiesta na festival ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa siku hizi vimeshikana. Fiesta ni ya somo na nyumba za watu. Festival huandaliwa na serikali ya mji au jimbo: ina jina la kuvutia, shindano la ngoma za barabarani, sare na zawadi ya fedha. Nyingi zimezaliwa baada ya mwaka 1970. Gwaride la Sinulog la Cebu, kwa mfano, lilianza mwaka 1980, ingawa ngoma yenyewe ni ya kale. Panagbenga, tamasha la maua la Baguio, ni la miaka ya 1990, baada ya tetemeko la mwaka 1990 kuuvunjavunja mji.

Wako wanaozibeza hizi mpya kwamba ni biashara ya utalii. Mimi sikubali moja kwa moja, na sababu yangu ni mji wa Bacolod. Mwaka 1980 bei ya sukari ilikuwa imeanguka, na jimbo zima la Negros Occidental huishi kwa miwa. Tarehe 22 Aprili mwaka huohuo meli ya abiria iitwayo Don Juan ikazama baada ya kugongana na meli ya mafuta, na wengi waliokufa walikuwa watu wa kwao. Mji ukaamua kutengeneza vinyago vinavyocheka na kucheza navyo barabarani mwezi Oktoba. Hiyo ndiyo MassKara. Ukiona picha za vile vinyago vinavyong’aa, kumbuka vilianza kama nyuso za watu waliokuwa wanalia.

Zipi ni kubwa, na ni lini?

Kwa kifupi: tarehe 9 Januari ni Nazareno Mweusi, Quiapo, Manila. Jumapili ya tatu ya Januari ni Ati-Atihan ya Kalibo na Sinulog ya Cebu; ya nne ni Dinagyang ya Iloilo. Februari, Panagbenga. Juma Kuu, Moriones ya kisiwa cha Marinduque, ambako wanaume huvaa vinyago vya askari wa Kirumi. Mei 14 huko Pulilan nyati wa kulimia hupigishwa magoti mbele ya kanisa, Mei 15 ni Lucban, Mei 17 hadi 19 ni Obando. Septemba, Bikira Maria wa Peñafrancia hupitishwa mtoni huko Naga. Oktoba, Bacolod. Novemba 23, masanamu ya karatasi yenye urefu wa mtu na nusu au zaidi hutembezwa Angono. Desemba, tazama swali la mwisho.

## Nadhiri, ngoma na meza

Kucheza mbele ya sanamu ni ibada au burudani?

Anayecheza atakwambia ni panata, yaani nadhiri. Mtoto aliumwa, mama akaahidi kwamba akipona atacheza kila Januari mpaka nguvu zimwishie. Mtoto sasa ana watoto wake, na mama bado anacheza.

Pale Cebu jambo hili utaliona siku yoyote ya mwaka. Nje ya basilika kuna akina mama wanaouza mishumaa. Unanunua, unamwambia jina la mgonjwa au shida yako, naye anashika mishumaa mkononi, anainua uso kanisani na kucheza pale pale kwa niaba yako: hatua mbili mbele, moja nyuma, midomo ikinong’ona sala katika Kisebuano. Hatua hizo huiga mkondo wa maji. Sulog ni mkondo, na Sinulog imetoka hapo.

Anayechezewa ni Santo Niño, Mtoto Yesu. Sanamu hiyo ndogo Magellan, baharia Mreno aliyeongoza msafara wa Wahispania, aliitoa zawadi mwaka 1521 kwa mke wa Humabon, mtawala wa Cebu, alipobatizwa. Wahispania waliporudi mwaka 1565, askari mmoja aliikuta ikiwa nzima katika nyumba iliyoungua. Kwa miaka 44 ya katikati hapakuwa na padre, na bado ilitunzwa.

Ni kweli kuna mji ambao wanawake hucheza ili wapate watoto?

Ni Obando, kaskazini ya Manila. Siku tatu, watakatifu watatu: Paskali Baylon, Klara, na Bikira Maria wa Salambao, ambaye jina lake ni la aina ya wavu wa kuvulia. Wenzi wasio na mtoto hucheza barabarani na ndani ya kanisa, wengine wakiwa wametoka mbali. Wapo pia wanaorudi na mtoto mgongoni kushukuru, na hao ndio huwatia wageni moyo. Ngoma hii iliwahi kupigwa marufuku na kanisa, ikarudishwa mwaka 1972.

José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa, aliiingiza katika riwaya yake Noli Me Tangere ya mwaka 1887: mama wa mhusika Maria Clara huenda Obando kucheza baada ya miaka ya kukosa mtoto.

Zile nyumba zilizofunikwa majani ya rangi huko Lucban ni kitu gani?

Si majani, ni mchele. Huitwa kiping. Unga wa mchele hukorogwa kama uji mwepesi, hutiwa rangi, kisha hupakwa juu ya jani bichi na kuwekwa kwenye mvuke kwa muda mfupi. Ukishapoa, unabandua taratibu, na unabaki na karatasi nyembamba ya mchele yenye umbo la jani na kila mshipa wake. Sehemu ngumu inakuja baadaye: lazima vikandamizwe chini ya kitu kizito hadi vikauke, la sivyo vinajikunja kama magome. Mamia ya vipande hivyo hufungwa pamoja kuwa taa kubwa za kuning’inia, nyekundu, kijani, njano, na jua likipita ndani yake ukuta mzima hung’aa.

Ni shukrani kwa Isidori, somo wa wakulima. Zamani mazao yalipelekwa kanisani kubarikiwa. Siku hizi huanikwa kwenye kuta na madirisha, na padre hupita na maandamano. Njia ya maandamano hubadilishwa kila mwaka ili kila mtaa upate zamu. Kwa hiyo nyumba uliyoiona kwenye picha ya mwaka jana, mwaka huu inaweza kuwa na ukuta mtupu. Mambo yakishakwisha, mapambo hugawiwa: mboga, matunda, kiping chenyewe, ambacho hukaangwa na kuliwa.

Ukiwa huko kula pancit habhab, tambi zinazowekwa juu ya kipande cha jani la mgomba na kumwagiwa siki. Uma hupewi. Unainua jani mdomoni na kula, na mashavu yataloa.

Kwa nini watu wa Quiapo hugombania kamba?

Nazareno Mweusi ni sanamu ya Yesu aliyebeba msalaba, iliyochongwa Mexico. Mwaka 1787 ilihamishiwa kanisa la Quiapo, na kila tarehe 9 Januari uhamisho huo hurudiwa. Gari la sanamu halina injini. Huvutwa kwa kamba nene na watu pekupeku, na kuishika kamba hiyo ndiyo nadhiri yao. Wasioifikia hurusha taulo, wasaidizi walio juu ya gari huzipangusia sanamu na kuzirusha tena. Safari ni ya kama kilomita sita, na zipo nyakati imezidi saa 20. Maandamano yalisimama wakati wa korona, yakarudi mwaka 2024, sanamu ikiwa ndani ya kioo na watu wamekatazwa kupanda gari. Mgeni asiingie katikati ya umati. Tazamia mbali.

Ninaweza kuingia nyumba ya nisiyemjua na kula?

Ndiyo, na usipoingia watashangaa. Siku ya fiesta milango iko wazi, na neno utakalolisikia ni “Kain tayo”, tule. Huhitaji kuleta kitu. Usitoe fedha, utawaudhi. Kula kidogo kila nyumba, kwa sababu nyumba ya tano itakusubiri kwa sahani ileile iliyojaa, na kukataa kabisa ni kumwaibisha mwenyeji. Ukiondoka utafungiwa chakula. Pokea.

Wazee wa nyumba wasalimiwe kwanza. Kijana huinama, huushika mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji lake la uso, akisema “Mano po.” Aliyelelewa kwa shikamoo hatapata shida hapa.

Kwa Mwislamu: nguruwe mzima wa kubanika, lechon, ndiye mfalme wa meza, na hata vyakula visivyoonyesha, kama tambi na sambusa zao za lumpia, mara nyingi vina nyama hiyo. Dinuguan, mchuzi mweusi, ni damu. Mwambie mwenyeji mapema. Atakutengea samaki na wali bila kinyongo.

## Mashujaa wa nyumbani

Siku za mashujaa zinahusianaje na fiesta?

Hapa ndipo pananivutia kuliko penginepo, kwa sababu Mfilipino humwadhimisha shujaa kwa mikono ileile anayomwadhimishia mtakatifu. Kuna sanamu katikati ya mji, kuna maua, kuna maandamano, kuna bendi, na baadaye kuna kula. Mji usio na shujaa wa kuzaliwa kwake hutafuta aliyewahi hata kulala pale. Somo anauombea mji mbinguni. Shujaa anaupa jina duniani.

Bayani ndilo neno lao la shujaa. Wa taifa zima hukumbukwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti. Andres Bonifacio, mtoto wa Tondo aliyeongoza mapinduzi ya 1896, ana tarehe 30 Novemba, siku aliyozaliwa. Waliobaki ni wa miji yao: Mabini ni wa Tanauan, del Pilar ni wa Bulakan, na Tandang Sora, bibi aliyewalisha na kuwauguza wapiganaji akiwa na miaka 84, ni wa Quezon City.

Rizal hukumbukwa vipi?

Alipigwa risasi na Wahispania tarehe 30 Desemba 1896, akiwa na miaka 35, na tangu mwaka 1898 siku hiyo ni ya kumbukumbu. Manila, bendera hupandishwa nusu mlingoti alfajiri na mashada huwekwa pale alipoangukia. Kutoka ngome ya Santiago alikofungwa kuna nyayo za shaba zilizopachikwa ardhini zikifuata njia aliyopita asubuhi ile. Zifuate. Utaona mwenyewe jinsi hatua zilivyo fupi.

Lakini kila mji una Rizal wake. Calamba humkumbuka tarehe 19 Juni, siku aliyozaliwa mwaka 1861, na kwao ni mtoto wa nyumbani. Dapitan, alikohamishwa kwa adhabu kuanzia mwaka 1892 hadi 1896, humkumbuka daktari wa macho aliyewaletea maji mjini, akafundisha watoto wao na kuchora ramani kubwa ya Mindanao uwanjani. Na wako wanaokwenda mbali zaidi: kuna madhehebu, hasa karibu na mlima Banahaw, ambayo humchukulia Rizal kuwa mwenye uungu. Wasomi hucheka. Ukishaona maua yale chini ya sanamu zake, hushangai sana.

Lapulapu ana uhusiano gani na pwani yetu?

Tarehe 27 Aprili 1521, kwenye maji ya kina kifupi ya kisiwa cha Mactan, watu wa Lapulapu, mtawala wa hapo, walimuua Magellan. Kila mwaka vita hivyo huigizwa ufukweni, Wahispania wa bandia wakishuka na makoti yao ya chuma na wenyeji wakiwangoja na mikuki. Umati humshangilia Lapulapu tangu mwanzo, kama mpira ambao matokeo yake yanajulikana. Kwenye bustani ya hapohapo kuna sanamu yake na pia mnara wa Magellan uliojengwa wakati wa Wahispania.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo moja ambalo halitajwi mara nyingi. Magellan alianza ubaharia wake katika msafara wa Francisco de Almeida ulioondoka Lisbon mwaka 1505, msafara uleule uliopora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka huohuo. Miaka 16 baadaye akakutana na Lapulapu.

“Mizinga ya mikeka” ni hadithi ya kweli?

Ni kweli, na Wanegros hawachoki kuisimulia. Tarehe 5 Novemba 1898 waasi wa Negros, wakiongozwa na Aniceto Lacson na Juan Araneta, waliuelekea mji wa Bacolod wakiwa na mapanga na bunduki chache. Nyingine nyingi zilikuwa makuti yaliyochongwa umbo la bunduki, na mizinga ilikuwa mikeka ya mwanzi iliyokunjwa na kupakwa rangi nyeusi. Kwa mbali, Wahispania waliona jeshi. Walisalimu amri kesho yake. Tarehe 5 Novemba ni sikukuu jimboni mpaka leo.

Na kengele za Balangiga?

Hii ni ya kisiwa cha Samar, na haichekeshi. Tarehe 28 Septemba 1901, kengele ya kanisa ilipolia, watu wa Balangiga waliwavamia kwa mapanga askari wa Marekani waliokuwa wameukalia mji. Wamarekani 48 walikufa. Kisasi chao kilikuwa cha kutisha: jenerali wao aliamuru Samar igeuzwe jangwa, vijiji vikachomwa, na kengele tatu za kanisa zikabebwa kama ngawira. Mbili zilikaa kwenye kambi moja ya Wyoming, ya tatu ikaishia Korea Kusini.

Kila tarehe 28 Septemba mji uliadhimisha siku hiyo na kudai kengele zake. Zilirudi Desemba 2018, baada ya miaka 117, na kukabidhiwa Balangiga tarehe 15, mkesha wa kuanza Misa za alfajiri za Krismasi.

## Maswali yenye utata

Siku ya shujaa wa mji mmoja, kazi zinafungwa na malipo yakoje?

Hutegemea daraja la siku. Siku za Rizal na Bonifacio ni sikukuu kamili: unalipwa hata ukikaa nyumbani, na ukifanya kazi unalipwa mara mbili. Siku za mashujaa wa mji au jimbo kwa kawaida ni siku maalumu za mapumziko: usipofanya kazi hulipwi, ila kama mwajiri ana utaratibu wake, na ukifanya unapata nyongeza ya asilimia 30. Huhusu eneo lile tu. Kwa hiyo dada mmoja anaweza kuwa mapumzikoni Bacolod huku mdogo wake yuko kazini Cebu.

Waislamu na madhehebu mengine hushiriki?

Waislamu wa Mindanao na Sulu hawana fiesta za watakatifu. Wana Idi zao mbili, ambazo ni sikukuu za kitaifa kwa sheria za mwaka 2002 na 2009. Waumini wa Iglesia ni Cristo, kanisa lililoanzishwa nchini humo mwaka 1914, hawashiriki mambo ya sanamu. Mfilipino mwenzako kazini akikwambia hana fiesta, usimbishie.

Ni kweli kuna watu wanaosulubiwa kwa misumari?

Ndiyo, Ijumaa Kuu, katika barangay ya San Pedro Cutud huko Pampanga, tangu miaka ya 1960. Nayo ni panata. Tazama swali la kucheza mbele ya sanamu. Viongozi wa Kanisa Katoliki hawaiungi mkono na husema hivyo kila mwaka. Hii si fiesta, na Wafilipino wengi hawajawahi kuiona ila kwenye televisheni. Kumuuliza mwenzako kama na yeye alishawahi kusulubiwa si mzaha mzuri.

Watu hukopa kwa ajili ya fiesta?

Wengine hukopa, ndiyo, na mjadala huo ni wa zamani. Katika Noli Me Tangere mzee Tasio anaulaumu mji kwa kutupa fedha kwa siku chache za kelele, na wenzake wanamwona kichaa. Siku hizi sehemu kubwa ya gharama hubebwa na walio ng’ambo. Yule anayeomba mapema mshahara wake mwezi wa nne huenda ana nguruwe wa kumlipia kwao mwezi wa tano. Kabla hujamwita mbadhirifu, fikiria kwamba hiyo ndiyo siku pekee jina lake linatajwa mezani ilhali yeye yuko umbali wa saa tisa angani.

Niko Ghuba. Nitaiona wapi bila kwenda Ufilipino?

Subiri Desemba. Kuanzia tarehe 16 hadi 24 Wafilipino husali Simbang Gabi, Misa tisa mfululizo. Kwao ni kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu mkulima alihitaji kuwahi shamba. Ghuba saa hupangwa kufuatana na zamu za kazi, na makanisa hujaa mpaka uani. Utaona parol, taa za umbo la nyota, madirishani mwa vyumba vya wafanyakazi. Nyumbani, nje ya kanisa, huuzwa bibingka, mkate wa unga wa mchele na tui unaookwa juu ya jani la mgomba, makaa chini na makaa juu. Mla vitumbua na mkate wa kumimina hataelezwa zaidi. Ghuba wenye bidii huupika kwenye oveni ya hosteli. Ukimwona mwenzako amerudi na mfuko wa jani la mgomba, muulize kama kimebaki kipande.